Aliyeniitikia Kwenye Ukungu

Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, mchana, na sikuwa nimekunywa kitu ila chai. Naanza hivyo kwa sababu huku Sosiot nikianza kueleza, wa kwanza kucheka ni Festus, na Festus ndiye mkosaji wa kwanza. Namtaja. Wengine nitawataja kila mmoja zamu yake ikifika. Shule niliishia darasa la nne, kwa hivyo maneno yakipinda mnisamehe. Mguu wangu nao umepinda, na huo hakuna awezaye kusema niliutunga.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu. Nilizaliwa Kisii, lakini nimeishi kwenye chai ya Kericho tangu nikiwa msichana. Nilichuma majani kwa mikono hii katika shamba moja kubwa ambalo jina lake sisemi, mpaka mashine zikaja. Mashine moja na watu wawili wa kuishika, na laini ya michai iliyokuwa kazi yetu ya siku nzima inaisha kabla ya saa nne. Tukaambiwa asante, rudini kwenu. Kwetu wapi? Kisii niliondoka na sanduku moja la mbao, na shamba la baba ndugu zangu walishagawana mpaka choo. Nikapanga chumba Sosiot, nikawa nauza chai na mandazi pale stegi, mabasi yanaposimama.

Sasa Festus. Ni mwanaume wa miaka thelathini hivi, kwao ni hapa hapa, mdomo wake mtamu kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi. Alianza kuleta watu wa Nakuru na Nairobi kila Jumamosi, wanakuja na basi, wanatembea. Nilimuuliza, wanatembea kwenda wapi? Akasema, "Mama, hawaendi mahali. Wanatembea tu." Nilidhani ananitania. Watu wenye magari nyumbani, wapande basi asubuhi yote, ili wapande kwa miguu kilima ambacho sisi tulikipanda na kikapu mgongoni na hakuna aliyetupiga picha!

Lakini nilipowafuata mara ya kwanza niliwaelewa. Basi linawashusha kwenye stegi ya juu, mnaingia kwenye mikaratusi, mnapanda kilima cha mnara wa simu, halafu mnashuka katikati ya chai mpaka mtoni kwenye maporomoko. Mnapanda ng'ambo, mnatokea Sosiot, basi linawangoja. Niamini, ni kuzuri. Kule juu chai imelala kama zulia, na jua likipita wingu unaona kivuli chake kikitembea kutoka kilima hiki mpaka kile. Miaka yote ile sikuwahi kuuona uzuri huo. Mtu mwenye kikapu huangalia majani.

Festus alinichukua niwe wa mwisho kwenye msafara. Nilibeba thamosi kubwa ya chai ndani ya leso mgongoni, na mandazi, na kazi yangu ilikuwa kuangalia kwamba hakuna anayebaki nyuma. Mimi nazijua njia zote. Yeye anatangulia, mimi nafunga.

Hapa lazima nijitaje mwenyewe. Festus alikuwa anahesabu watu kwa vichwa, na kila mara anakosea, kwa sababu mmoja yuko kwenye picha, mwingine yuko kichakani. Mimi ndiye niliyemwambia, "Wape namba, kama sisi shambani. Nyapara anaita namba, mtu anaitika." Akafurahi sana. Wageni wakafurahi pia, wakaona ni mchezo. Basi siku ile tulikuwa kumi na wawili. Festus moja, wageni mbili mpaka kumi na moja, mimi kumi na mbili.

Ukungu wa kwetu wanaoujua wanaujua. Hauji kutoka mbali ukauona. Unatoka kwenye majani yenyewe. Saa nane tulikuwa tunashuka kutoka kwenye mnara, msichana mmoja wa Nakuru anaitwa Wambui alikuwa mbele yangu hatua tano, ana koti jekundu, ananiambia, "Mathe, hii kilima imenimaliza. Chai tunakunywa saa ngapi?" Nikamwambia tukifika mtoni. Halafu lile koti jekundu likawa la kijivu, halafu halikuwepo.

Nilisimama kukaza fundo la leso. Hatua moja pembeni, basi. Hapo palikuwa pamepogolewa, matawi yametandazwa juu ya mtaro, na mtaro wa chai ni mrefu kwenda chini kuliko unavyodhani. Niliingia mzima mzima. Nilisikia mguu ukilia kama kuni kavu. Thamosi ilizunguka na leso ikanigonga kifuani, pumzi ikakatika, nikalala pale nafungua mdomo kama samaki na sauti haitoki.

Hawakuwa mbali. Nilimsikia Festus akisema, "Watu wangu, ukungu umeshika! Hakuna kuachana. Tuhesabu! Moja ni mimi. Mbili!"

"Niko!"

"Tatu!"

"Niko!"

Nikajituliza. Nikasema moyoni, vizuri, wakifika kumi na mbili watakuta kimya, watarudi. Hesabu ikaja. Tisa. Kumi. Wambui alikuwa kumi na moja, akaitika kwa kulia kidogo kama mtoto, wenzake wakamcheka.

"Kumi na mbili!"

"Niko, nyapara."

Ilikuwa sauti yangu. Sisemi sauti kama yangu. Yangu mimi, na ule ukwaruzo nilionao tangu nilipougua kifua. Festus akacheka akasema, "Mama leo ameniita nyapara!" Wakaondoka. Nikawasikia wakiteremka, mawe yakiviringika, mtu anaimba, halafu sikusikia kitu.

Je, ungefanya nini? Pumzi iliporudi niliita mpaka koo likawasha. Ukungu hula sauti. Nilijaribu kusimama, mguu ukanikatalia nikaona nyota. Ukuta wa mtaro ulikuwa tope tupu. Simu yangu ndogo ilikuwa kwenye mfuko wa mandazi, na mfuko wa mandazi nilikuwa nimempa mgeni mmoja anisaidie kuubeba. Ndio hivyo.

Ndipo nikasikia mtu anachuma.

Aliyewahi kuchuma hawezi kukosea ile sauti. Majani mawili na kichipukizi, yanakatika kwa vidole, tk, tk, tk, mikono miwili kwa zamu, halafu kimya kidogo anapotupa nyuma begani. Lakini sehemu ile huchumwa kwa mashine miaka mingi sasa. Na ilikuwa Jumamosi mchana, watu wako sokoni. Sauti ikaja polepole, laini kwa laini, bila haraka, mpaka juu yangu. Ikaacha.

Mwanamke alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mtaro. Kikapu mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, aproni ya plastiki ya njano, zile zilizoacha kutolewa zamani. Kila kitu pale kilikuwa kinadondosha maji. Majani, mimi, leso yangu, kila kitu. Yeye alikuwa mkavu. Aproni yake haikuwa na tone.

"Omosani," akasema. Ndivyo tulivyoitana, rafiki, kwa lugha ya nyumbani. "Umeanguka?"

Nilimjua kabla hajamaliza. Alikuwa Kerubo. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu vilevile, na pengo lake la mbele, na mimi nina mvi.

Ngoja nieleze Kerubo ni nani. Tulitoka kijiji kimoja, tukalala chumba kimoja kambini, tukachuma laini zilizofuatana. Tulikuwa na desturi yetu, na si sisi peke yetu, wachumaji wote walikuwa nayo. Mwenzako akizidiwa anajilaza kwenye mtaro mkavu ambapo nyapara haoni, na wewe namba yake ikiitwa unaitika kwa ajili yake. Unabadilisha sauti kidogo. Siku yake isikatwe kwenye mshahara. Huo ulikuwa upendo kwetu, hatukuwa na mwingine wa kupeana.

Siku moja Kerubo aliniambia tumbo linamkata. Akasema, "Niitikie, nijilaze." Nikamwitikia saa nne, nikamwitikia mchana. Alasiri ukungu ukashuka, na mvua ya mawe, yale mawe ya kwetu yanayotoboa majani. Nyapara wetu, Mzee Chumo, alituita namba haraka haraka tukiwa tumejifunika vikapu kichwani. Nikamwitikia tena. Nilidhani ameshapita njia ya mkato akaenda kambini. Kambini hakuwepo. Nikadhani ameenda kwa dada yake. Mimi nilikuwa nimelowa na nimechoka, nikalala.

Walimkuta asubuhi ndani ya mtaro. Daftari lilionyesha alikuwepo mpaka jioni. Wakubwa wakauliza, ni vipi nyapara ameandika mtu yupo, na mtu amelala amekufa? Mzee Chumo akafukuzwa siku hiyo hiyo. Mimi hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Sikusema kwa mama yake tulipomzika. Sikusema kwa mume wangu mpaka akafa. Wewe ndiye wa tatu kuambiwa.

Sasa huyu hapa, amechuchumaa juu yangu, ananitazama kama vile tuliachana jana.

Nikamuuliza, "Kerubo, ni wewe umeitika?"

"Ni mimi. Pumzika. Leo umeshaandikwa."

"Nani alikuambia uniitikie?"

Akashangaa. Niamini, alishangaa kweli. "Si wewe uliniitikia? Asubuhi, na mchana, na jioni. Sijasahau, omosani."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuja kunilipizia kisasi. Ingekuwa hivyo ningelia, ningeomba msamaha, pengine ingekuwa rahisi. Yeye alikuja kunisaidia.

Nikafungua thamosi, nikamimina chai kwenye kifuniko. Nikamnyooshea. Akatikisa kichwa, akacheka na lile pengo. "Ya wageni hiyo. Watakukata." Nikanywa mimi.

Nikamwambia, "Siku ile sikujua kwamba umezidiwa. Haki ya Mungu sikujua. Ungeniita."

"Nilitaka kuita," akasema. "Mawe yalianza nikataka kuita. Halafu nikakusikia ukiitika namba yangu. Nikajua niko sawa. Nikalala."

Alisema hivyo tu, akaendelea kuchuma kichaka kilichokuwa karibu na mkono wake. Tk, tk. Anatupa nyuma. Kikapu kilikuwa kitupu, niliona alipogeuka.

Nataka uelewe jambo moja, maana hapa ni rahisi kunielewa vibaya. Sikuogopa. Baridi ilikuwa imepanda mpaka kiunoni, mguu ulishaacha kuuma, na sauti yake ilikuwa inasema pumzika, pumzika, umechuma sana. Tangu nikiwa na miaka kumi na minne hakuna mtu aliyewahi kuniambia nipumzike. Mama hakuniambia. Mume hakuniambia. Watoto, hao ndio usiseme. Macho yalikuwa yanafunga yenyewe na nilikuwa nafurahi. Mtu akifa hivyo hajui.

Kilichoniamsha ni hasira. Nilimkumbuka Festus akicheka, "Mama leo ameniita nyapara." Nikaona watu kumi na mmoja wameketi ndani ya basi, na namba yangu imehesabiwa kwamba nipo, na mimi niko huku. Nikasema hapana.

"Kerubo, nenda, usiwaitikie tena."

"Watakukata siku."

"Wanikate. Nataka niandikwe sipo."

"Omosani—"

"Sipo! Waambie sipo! Na siku ile pia hukuwepo, mimi ndiye niliyedanganya, na ningesema hayupo wangekuja na taa kukutafuta!"

Akaacha kuchuma. Mikono yake ikabaki hewani. Hakukasirika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeleta zawadi kutoka mbali ikakataliwa mlangoni. Halafu akaweka kamba sawa kwenye paji, akageuka, akaingia kwenye laini yake. Nilisikia tk, tk ikienda, ikienda, mpaka nikawa sijui kama nasikia au nakumbuka.

Yaliyotokea Sosiot niliambiwa baadaye na Wambui, na yeye hana sababu ya kudanganya. Walifika wamelowa, wakaingia ndani ya basi. Festus akaita namba bila hata kugeuka nyuma. Kumi na mbili ikaitikiwa kutoka kiti cha mwisho, "Niko." Basi likawashwa. Wambui akainuka akaenda nyuma kuomba chai. Kiti cha mwisho kilikuwa na mabegi tu.

"Festo, mathe wa chai ako wapi?"

"Si yuko hapo nyuma?"

"Hapa ni mabegi."

"Wacha mchezo. Kumi na mbili!"

Kimya. Akaita tena. Kimya. Hapo, Wambui anasema, Festus alibadilika rangi. Dereva akaanza kulalamika kwamba giza litamkuta njiani, wamtafute huyo mama kesho. Wambui akashuka akasimama mbele ya basi na koti lake jekundu akasema, "Basi nikanyage."

Walikuja na bodaboda mbili na wanaume wa stegi, mwanga ukiwa unaisha. Niliwasikia wakiita nikajibu kwa kugonga kifuniko kwenye thamosi. Festus ndiye aliyechungulia wa kwanza. Unajua alisema nini? "Mama, thamosi haijavunjika?" Najua alikuwa amechanganyikiwa. Lakini ndivyo alivyosema, na ninaandika alivyosema.

Hospitalini mguu waliufunga chuma. Natembea na fimbo. Kilima sipandi tena.

Nilipoweza kutembea, safari yangu ya kwanza ilikuwa kwa Mzee Chumo. Anaishi upande wa Bomet, shamba dogo, ng'ombe wawili, macho yamekwisha. Alinikaribisha kwa heshima, binti yake akanipa mursik, maziwa yao ya kugandishwa kwenye kibuyu. Nikamwambia yote, nimeinamisha kichwa. Nikasema, mzee, ulifukuzwa kwa sababu yangu.

Alinigeuzia uso. Halafu akasema, "Mama, mimi nilijua."

"Ulijua nini, mzee?"

"Sauti yako nilikuwa naijua. Nyinyi wasichana mlidhani nyapara hana masikio. Ile jioni niliita namba yake, ukaitika wewe, nikajua ni wewe. Lakini mvua ilikuwa inanipiga, na nilitaka kwenda nyumbani. Nikaandika yuko." Akafuta mdomo. "Sasa umekuja kuniomba msamaha. Mimi nimuombe nani?"

Tukakaa hapo wawili mpaka maziwa yakaisha. Kwa hivyo namtaja Mzee Chumo pia, na yeye aliniruhusu. Festus hakuniruhusu, huyo namtaja kwa nguvu.

Unadhani yaliisha? Kliniki, wiki ya pili baada ya kutoka kwa mzee, nesi alitoka na karatasi akaita jina langu. Kabla sijafungua mdomo, benchi la nyuma likasema, "Niko." Nesi akaweka alama, akaita mwingine. Niliketi pale mpaka saa tisa, na nilipouliza nikaambiwa mbona umeshaonwa. Kanisani imetokea. Kwa chifu imetokea. Sasa nikienda mahali majina yanaitwa nakaa mbele kabisa, na nikisikia herufi ya kwanza nasimama na fimbo juu. Watu wanacheka. Wacheke.

Basi wewe unayepanda basi Jumamosi kuja kutembea kwetu, karibu. Vaa viatu vinavyoshika, beba koti, na usikanyage matawi yaliyotandazwa. Ukungu ukishuka na kiongozi wako akaanza kuita namba, usiitike kwa mdomo peke yake. Nenda umshike mkono, auone uso wako. Usimwitikie mwenzako, hata kama ameenda kujisaidia tu, hata kama amekuomba. Na ukisikia namba yako imeitikiwa na wewe hujasema kitu, piga kelele hapo hapo, usione haya.

Kwa sababu atakayekuja hatakutisha. Atakuwa mpole, atakuambia pumzika. Mimi nilimkataa kwa sababu siku ile nilikuwa na hasira. Siku hizi hasira inapungua, na uchovu uko pale pale, na jioni nikifunga kibanda ukungu ukiteremka mpaka barabarani, mara nyingine nasimama kidogo, nasikiliza kama kuna mtu anachuma.

Usiwe kama mimi. Usisimame.